Bwawa na Visima Viwili

Kosa la kwanza la mchora ramani huyu, na tuliseme mapema kabla mwenyewe hajalitafutia kisingizio, lilikuwa kuamini kwamba matembezi ni umbali. Aliyekwenda mbali ametembea; aliyekwenda karibu amepoteza petroli. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mwenye shahada iliyotundikwa sebuleni na miwani mbili, moja ya kuonea ramani na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Aliishika imani hiyo miaka yote ya ndoa yake, akailisha kwa hoja, hadi mkewe alipomwekea siku.

Ofisini walimwita Skeli. Jina hilo alipewa na dereva wa idara, aliyemuuliza siku moja kama kantini mpya ni mbali. Badala ya kunyoosha kidole kama binadamu wengine, Skeli alijibu, "Katika skeli ya moja kwa elfu hamsini, ni kama milimita nne hivi." Dereva akaenda kula akicheka peke yake, na aliporudi ofisi nzima ilikuwa na jina jipya. Skeli alijifanya limemuudhi. Moyoni alilipenda, maana lilimfanya aonekane mtu mwenye vipimo.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na ratiba ya zamu ilimwachia Jumamosi moja tu kwa mwezi. Jumamosi hiyo ilikuwa ya familia: yeye, mume, binti yao wa miaka kumi na mitatu, na kitindamimba wa miaka saba. Kazi ya kuipanga alikabidhiwa Skeli kwa sababu ndiye mwenye ramani. Mara ya kwanza aliwaendesha saa tano kwenda kutazama maporomoko ya maji, wakayatazama dakika ishirini, akawaendesha saa tano kurudi. Mara ya pili alikataa kabisa kuuliza njia, wakaishia kwenye lango la machimbo ya kokoto, wakala mikate yao ndani ya gari huku vumbi likiwanyeshea. Njia nzima ya kurudi aliwaeleza kwamba ramani haikukosea. Mlinzi wa lango ndiye aliyekuwa mahali asipostahili kuwa.

Jioni ya siku ile ya kokoto, mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda akipaka mafuta nyayo zake.

"Msimamizi anatafuta mtu wa kushika zamu za Jumamosi," alisema. "Zote."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwomba anisubiri mwezi mmoja. Jumamosi yetu ijayo ikienda kama hizi mbili, Jumatatu yake naandika jina langu. Wodini angalau nikichoka, najua nimechoka kwa ajili ya nani."

Skeli alitaka kusema kwamba sampuli ya safari mbili ni ndogo mno kutolewa hitimisho, lakini kwa mara moja katika maisha yake alijizuia.

Mwezi mzima alilala na kuamka na ramani. Hatimaye akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yakikipita kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwendo wa dakika arobaini tu kutoka nyumbani, nyuma ya kilima, palikuwa na bwawa dogo la buluu lenye umbo la harage, limesindikizwa na visima viwili kama wapambe wa bibi harusi. Bwawa lile alilichora yeye mwenyewe mwaka wake wa kwanza kazini, na tangu hapo likahamishwa toleo hadi toleo, kutoka kalamu ya wino hadi kompyuta. Maji, kivuli, karibu! Alijiona mjinga kwa kutolifikiria mapema, na papo hapo akajiona mwerevu kwa kulifikiria sasa. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: hata ujinga wake ulimpa sababu ya kujipongeza.

"Umewahi kufika huko?" mkewe aliuliza Jumamosi asubuhi, akifunga vyombo vya chakula.

"Nimelichora mimi mwenyewe."

"Nimekuuliza kama umefika, sijauliza kama umechora."

"Mama watoto, mtu anayekichora kitu anakijua kuliko anayekiona."

Mkewe alikwenda jikoni akarudi na dumu la lita kumi limejaa maji, akaliweka kwenye buti la gari karibu na taulo nne alizokwisha kuzipanga Skeli.

"Hilo la nini?"

"Maji."

"Unabeba maji kwenda bwawani? Watu wakituona watatucheka."

"Waache wacheke. Funga buti."

Waliliacha gari barabara ilipokwisha, wakapanda kilima kwa miguu. Kitindamimba alitembea na boya lake la mpira kiunoni, limejazwa upepo tangu nyumbani, akikwama kila kichaka. Binti alibeba chakula, mkeka, taulo na uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Skeli alilibeba dumu, kwa kuwa adabu ilimlazimu, na kila hatua kumi alilihamisha mkono huku akisema kwamba hawatalihitaji. Mkewe alitembea nyuma, mikono mitupu, akiangalia nyasi.

Walipovuka mgongo wa kilima wakaona jiwe kubwa lililopasuka katikati kama mkate. Chini yake palikuwa na tambarare ya udongo mwekundu, safu za matofali mabichi yaliyoanikwa juani, na mwanamke mmoja wa makamo, kanga imefungwa kifuani, akishindilia udongo kwenye kibao cha kufyatulia. Maji hayakuwepo. Skeli alivua miwani ya kwanza, akavaa ya pili, akageuza ramani juu chini. Tambarare haikubadilika.

"Shikamoo mama," alisema binti.

"Marahaba mwanangu. Karibuni." Mfyatua matofali aliwatazama mmoja mmoja, akamaliza kwa boya. "Nyinyi pia mnatafuta bwawa?"

"Tumekosa njia kidogo," alisema Skeli.

"Hamjakosa. Wote wanafika hapa hapa. Mwaka huu nyinyi ni wa nne. Wa kwanza walikuja na ndoano za samaki." Alicheka hadi akashika kiuno. "Hebu fikiria, baba. Samaki! Na mimi udongo wangu nauloanisha kwa maji ya kubeba kutoka bondeni kule, kichwani, tangu nina meno ya utoto."

Skeli aliona uso wake ukimshuka, akauinua kwa nguvu. Alianza kueleza, kwa sauti anayoitumia kwenye semina, kwamba kitaalamu yapo mabwawa ya msimu; kwamba ukame hubadili mkondo wa maji ya chini ya ardhi; kwamba huenda miaka ya nyuma...

"Mimi nimezaliwa pale," mwanamke alimkatiza akionyesha kwa kibao, "miaka hamsini na minne. Hiyo miaka ya nyuma ni ipi?"

Binti aliangalia pembeni ili asicheke mbele ya mgeni. Muuguzi alikuwa amekwisha kutandika mkeka kwenye kivuli cha lile jiwe, akamimina maji ya dumu kwenye vikombe, cha kwanza akampelekea mwenyeji. Angelalamika, Skeli angepata la kujibu. Kikombe kile hakikumwachia hata pa kushika.

Mfyatua matofali alikunywa, akashukuru, akajifuta mikono. Kisha akatoa kwenye kikapu chake mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa hadi ikachanika mikunjo.

"Niliomba bomba," alisema akimgeukia muuguzi. "Bomba moja tu, mdogo wangu, la hapa kilimani. Akaja afisa wa maji na karatasi hii. Akanionyesha kwa kalamu: 'Mama, wewe una bwawa na visima viwili. Wapo watu hawana hata kimoja.' Nikamwambia, haya baba, nionyeshe hilo bwawa langu nikaoge, maana umenikuta na udongo. Akasema yeye anafuata ramani. Karatasi akaniachia, ati iwe kumbukumbu."

"Na aliyeichora ni nani?" aliuliza mkewe Skeli, taratibu sana.

"Nani atajua? Hapa chini palikuwa na saini, panya wamekula. Ila nikimpata, nitampa ndoo mbili akachote humo humo bwawani kwake."

Skeli aliipokea karatasi. Mistari ile aliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Kona ya chini, penye saini ya mchoraji, ilikuwa imeguguniwa safi kabisa. Kimoyomoyo aliwashukuru panya wale. Mwenyeji asingejua kamwe. Haraka haraka akakusanya watu wa kuwasingizia: mpimaji aliyestaafu, kompyuta mpya, mkuu wa zamani wa idara, aliyekwisha kufariki na ambaye, kwa hiyo, asingepinga. Aliwapanga kwa ubora. Aliyekufa alishika nafasi ya kwanza.

Alipoinua macho alikutana na ya binti yake. Mtoto hakuwa anacheka tena. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri kusikia tena kuhusu mlinzi wa lango la machimbo. Na nyuma ya binti, muuguzi alikuwa ameacha kumimina maji.

"Ni mimi, mama," alisema Skeli.

"Wewe nini?"

"Niliyeichora. Sijawahi kufika hapa. Sijui bwawa hili nililitoa wapi, lakini mkono ni wangu."

Kitindamimba akauliza kama sasa wanaoga au hawaogi. Mfyatua matofali alimkagua Skeli kuanzia viatu hadi miwani. Kisha akainama nyuma ya rundo la matofali, akaibuka na ndoo mbili.

"Nilikula kiapo," alisema. "Njia ni ile pale. Bonde si mbali."

"Ni kama milimita kumi na mbili hivi," alisema mkewe, akajilaza kwenye mkeka.

Skeli alishuka bondeni mara nne siku ile. Mara ya kwanza alifika na nusu ndoo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye suruali yake. Mara ya pili binti alimfuata na ndoo ndogo, akimfundisha kuweka majani juu ya maji yasirushwe, ujuzi alioupata dakika tano zilizotangulia kutoka kwa mwenyeji.

"Baba."

"Naam."

"Unatembea kama bata."

"Ninalinda mizani."

"Bata pia."

Walicheka hadi wakalazimika kuzitua ndoo. Skeli alijaribu kukumbuka ni lini binti huyu alimtania mara ya mwisho, akakosa tarehe, yeye anayekumbuka tarehe ya kila toleo la kila ramani. Kitindamimba naye aliingizwa kwenye shimo la kukandia udongo, boya kiunoni, akakanyaga matope hadi matofali yenyewe yangeweza kumwonea wivu kwa wekundu, akitangaza kwamba bwawa limepatikana. Wakafyatua matofali thelathini na saba. Thelathini yalikuwa ya mwenyeji. Saba yaliyokwenda upande yalikuwa ya Skeli, na mwenye kibao aliyaweka peke yake, mbali, yasiyaambukize mengine.

Muuguzi alilala. Alilala saa mbili kamili kwenye kivuli cha jiwe, mdomo wazi kidogo, viatu vimevuliwa, bila mtu wa kumwita sista. Alipoamka alikuta mume wake amesimama mbele yake, mwekundu wa udongo hadi nyusi.

"Nimekuharibia Jumamosi nyingine," alisema Skeli.

"Kaa chini ule," mkewe alimjibu. "Na uombe radhi tumbo likishiba, sasa hivi unasikitisha mno."

Walikula wote watano. Maji yaliyobaki kwenye dumu yalitosha kumwosha kitindamimba, na taulo nne zikapata kazi baada ya yote.

Jumatatu, Skeli alishuka kwenye stoo ya idara kuyatafuta makaratasi ya zamani. Aliipata ya kwanza kabisa, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Bwawa halikuwa limepimwa na mtu yeyote. Lilikuwa tone la wino wa buluu. Lilimdondoka kijana mmoja mwenye shahada mpya na hofu nyingi, akaona kulikwangua kutachafua karatasi, akalizungushia mstari. Matone mawili madogo yaliyoruka pembeni aliyafanya visima. Skeli aliangalia kazi ile kwa muda, na kwa ukweli wote lazima ikiriwe kwamba jambo la kwanza alilowaza ni jinsi ule mstari ulivyopigwa kwa ustadi. La pili alilowaza lilimfanya akae chini.

Siku ile ile aliandika barua kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya maji, nakala kwa mfyatua matofali, akakiri kosa kwa jina lake kamili. Dereva alipoisoma alimwita Bwawa kwa wiki mbili. Jioni ya Jumatatu ile mkewe alirudi, akavua sare, na Skeli hakuthubutu kumuuliza. Yeye ndiye aliyesema, akiwa amegeukia kabati: "Zamu nimemwachia mwenzangu. Mwezi ujao twende wapi? Karibu, lakini."

Wakaenda karibu. Mara mbili walirudi kilimani na mkeka, na mara ya pili walikuta mtaro umechimbwa, tayari kwa mabomba.

Miezi mitano baadaye shule ilidai kadi ya chanjo ya kitindamimba. Mkewe alikuwa kazini, hivyo Skeli akafungua droo ya mkewe. Chini ya kadi palikuwa na picha ya zamani: msichana wa miaka kama ishirini na mitatu, sare nyeupe, sanduku la barafu la chanjo begani, amesimama mbele ya jiwe kubwa lililopasuka katikati kama mkate. Nyuma yake ni tambarare na nyasi kavu. Skeli aliigeuza. Nyuma palikuwa na tarehe, miaka miwili kabla hawajaoana, na mwandiko anaoujua:

"Chanjo kilimani, kila Alhamisi, miezi minne. Maji unakuja nayo mwenyewe."