Bolti Lililokuwa Likijibu

Saa saba mchana gereji imetulia tuli. Mafundi wamekwenda kula. Chini ya lori moja la mizigo, kwenye kona ya uwanja, mwanamke amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, ametega sikio.

Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Anachukua nyundo na kugonga bolti moja nyuma ya gurudumu la mbele, kwa mpigo uleule. Anasubiri. Chuma kinamjibu.

“Wanasema ni jua, chuma kinatanuka,” ananiambia bila kugeuka. “Sawa. Lakini mpigo huo naujua. Ni wa mume wangu, nimeishi nao ndoa nzima.”

Hapa kila mtu humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Ufundi wa breki alifundishwa na mumewe, wakafanya kazi bega kwa bega. Lori hili ndilo la mwisho marehemu kulishika. Bolti linaloshikilia kalipa, kile kibano cha breki, lilikuwa limeganda kwa kutu. Spana ikateleza, ikala kona zote za kichwa, kikabaki mviringo kama kokwa. Siku ile alitoka kuegemea ukuta apumzike kidogo. Hakuamka tena.

Tangu hapo hakuna fundi mwingine aliyetaka kulala chini ya lori lile. Shemeji yake Shangazi, mchomeleaji, alijaribu mara moja, akatoka mbio na kiatu kimoja. Wenzake humtania mpaka leo. Yeye hacheki.

Mwenye lori amechoka kungoja. Leo ni leo, amesema, la sivyo analivuta kulipeleka kwingine.

Shangazi anafungua mpira wa mafuta ya breki na kuuweka mbali na moto. Shemeji amekataa kusogea, basi anaishika mwenyewe mashine ya kuchomelea, anaunganisha nati mpya juu ya kichwa kilicholika. Chuma kingali cha moto, anakigusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya kutu. Anaweka spana, anavuta. Wapi! Anavuta tena.

Kinachofuata anakisimulia baadaye, kwa sauti ya chini. Spana ilikuwa nyepesi ghafla, kana kwamba kuna mkono juu ya wake, mkavu, wenye sugu. Bolti likalia kwa sauti nyembamba, likazunguka.

“Limetoka, shemeji?” mchomeleaji anauliza kwa mbali.

“Limetoka.”

“Mbona wewe hutoki?”

“Niache kidogo.”

Anagonga chuma mara mbili, anasubiri, anagonga tena. Hakuna kinachojibu.

“Watu walidhani naogopa ile sauti,” anasema akijifuta grisi, na si grisi tu. “Nilikuwa naogopa inyamaze.”

Jioni lori linajaribiwa mteremkoni, breki zinashika barabara. Shangazi anataka kupokea malori tena, kazi aliyoiacha tangu msiba. Ataanza kesho. Ndani, ovaroli ya marehemu ingali msumarini. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Anaitungua, anajipima mabegani.

“Nitapunguza mikono tu,” anasema. “Kwingine kote inanitosha.”