Kuwasomea Mvua Walio Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Safari aliniuliza kama naweza kusema na mtu asiyenijibu. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu, nimeshazoea. Akacheka, akanipa kiti mbele ya maikrofoni, na hapo nikakaa mpaka nilipostaafu.

Kampuni yetu, pale Mbaraki, ilipeleka watu matembezi marefu ya miguu huko bara, kila mtu na begi lake mgongoni. Kila msafara ulikuwa na mbeba redio. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya antena ya kuvuta, na kazi yake moja tu: kupokea taarifa ya hali ya hewa niliyoisoma kila siku saa kumi na mbili na robo jioni. Kunijibu haikuweza. Simu za mkononi zilikuwapo mjini, lakini huko nyika hazikushika.

"Anza na jina la msafara," Meneja alinifundisha. "Wanaiwasha kidogo tu, wasimalize betri. Kisha onyo, mara mbili, polepole. Salamu zako peleka nyumbani." Nilishika yote. Lakini hakunifundisha la kufanya baada ya kuzima maikrofoni, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Wamesikia? Betri zimelowa? Mbeba redio kalala? Niliuliza hayo mpaka jikoni, wali ukiungua.

Mwaka mmoja mbeba redio alikuwa ndugu yangu mdogo, Kombo. Waliondoka mwisho wa Shaabani. Wakiwa njiani mwezi wa saumu ukaandama, na Meneja, kwa kutuhurumia, akaamua taarifa isomwe saa kumi alasiri ili tuwahi futari. Siku hiyo hiyo ikaja habari ya mvua kubwa milimani. Asubuhi yake akina Kombo walikuwa wavuke mto mkavu, wa aina ile ambayo maji hushuka ghafla kutoka juu huku mahali ulipo hapana hata tone.

Nilisoma saa kumi kama nilivyoamriwa. Nilipozima maikrofoni, nikamfuata Meneja.

"Bwana Meneja, Kombo aliondoka kabla ya mwezi. Sasa hivi redio i ndani ya begi. Ataiwasha kwa saa ya zamani, na atakuta kimya."

"Wakikosa taarifa watangoja, Bi Mwanaisha."

"Hawatangoja. Watasema hapana la kusemwa, wavuke."

Alitazama saa. Nyumbani kwake kulikuwa na wageni wa futari, na mimi nalijua. Fundi mitambo alikuwa ameshashika mlango aende zake. "Haya, kaa," akasema Meneja. "Mtambo ntauangalia mimi."

Tukakaa, watu wawili wenye saumu, mpaka saa kumi na mbili na robo. Nilipoanza kusoma, adhana ya Magharibi ikaingia dirishani. Meneja akanisogezea gilasi ya maji. Nikanywa funda moja kati ya onyo la kwanza na la pili, nikaendelea. Badala ya mara mbili nilisoma mara nne. Kisha nikazima, na kukawa kimya kilekile cha kila siku, ila safari hii kilinitia hofu ya kweli.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Simu ya ofisini ikilia, natoka nje nisisikie. Nilikuwa nyumbani Mji wa Kale, nakaanga kaimati, Kombo alipoingia na matope mpaka magotini. Nikaliacha karai motoni nikamkumbatia, nikalia.

"Mlisikia?"

"Tulisikia. Asubuhi mchanga ulikuwa mkavu kabisa, wateja wakanifokea. Mmoja alishavua viatu. Kisha yakaja maji na miti mizima, tukasogea nyuma sote." Akakaa. "Lakini dada, ile adhana, na yale maji. Ulikuwa wafuturu?"

"Nalikuwa nafuturu."

"Kumbe. Sisi mawingu yalitufunga, tukakamilisha Shaabani thelathini. Mchana ule nalikula kunde sahani mbili."

"Utailipa saumu hiyo," nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo kwa furaha kama siku ile.

Sasa nimestaafu, na taarifa nasikia husomwa na mashine, ambayo najua haikosi usingizi. Vijana wanaotembea huniuliza kama redio inafaa kubebwa, na wao wana simu. Nawaambia ibebeni, simu hufa na mtandao hukatika. Lakini mkiwa bado mnasomewa na mtu, mkifika penye mtandao mpigieni kabla ya kupiga picha. Semeni neno moja tu, kuwa mmesikia, ili aweze kula.