Bolti Niliyoiacha

Gereji yetu ilikuwa Arua, upande wa barabara inayokwenda Koboko. Mwenyewe alikuwa Mhindi, na Wahindi walipofukuzwa jengo likapewa mwanajeshi mmoja ambaye sikumwona hata mara tatu. Kazi tuliifanya wawili: mimi, Mnubi wa mjini, na fundi mmoja Mkongo aliyenizidi kama miaka kumi. Nilimwita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha springi na breki. Akiwa chini ya gari aliimba nyimbo za kanisa, mimi Ijumaa nilikwenda msikitini, na mchana tulikula muhogo na maharage katika sahani moja.

Spea hazikuwapo tena. Paipu ya breki ikikatika ulikwenda kuchungulia magari yaliyokufa nyuma ya maduka, na mara nyingi wenzako walikuwa wamekutangulia.

Asubuhi moja ya mvua ililetwa Landrova ya ofisa wa Koboko. Dereva wake alikuwa askari mnene, mcheshi, aliyetugawia sigara kabla hajasema shida yake.

"Mkubwa anataka gari ipande juu," alisema. "Barabara ya shamba yake kule Lurujo iko na mashimo, gari inagonga tumbo. Saa nane mimi narudi nayo."

Yaya alimwambia kazi hiyo ni ya siku mbili. Dereva akacheka, ila macho yake hayakucheka. "Mimi pia nimeambiwa tu, fundi. Saa nane."

Tukaanza. Kupandisha gari si jambo gumu: unaongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyolaliana, unatia vipande vya chuma kati ya springi na ekseli inayobeba magurudumu, na bodi inainuka. Hatari iko kwenye breki. Mafuta ya breki hupita katika paipu ngumu iliyofungwa kwenye chesisi, halafu katika hosi ya mpira inayoshuka hadi kwenye ekseli. Pale paipu na hosi zinapokutana zimeshikwa na braketi, kipande cha chuma chenye bolti yake. Ukiinua bodi bila kuifungua ile braketi na kuishusha, hosi inakuwa fupi. Gari likisimama mahali tambarare huoni kitu. Gurudumu likitumbukia shimoni, hosi inavutwa. Na katika Landrova za siku zile, hosi moja ikikatika mafuta yote yanamwagika, na hakuna gurudumu hata moja linaloshika.

Yaya alichukua mbele, mimi nyuma. Bolti ya braketi yangu ilikuwa imeliwa na kutu. Niliimwagia mafuta ya taa, nikavuta spana, nikaona paipu inaanza kujipinda pamoja na bolti. Nikaacha kuvuta. Paipu ile ikivunjika mikononi mwangu, nyingine ningeitoa wapi? Nami ningemwambia nini mtu wa Koboko? Nikaitazama hosi. Ilining'inia vizuri, hata ilikuwa imelegea kidogo. Nikajiambia itatosha.

Saa saba na nusu yaya alijifuta mikono, akaniuliza, "Ya nyuma umefungua? Gurudumu ikiwa hewani, hosi isikuwe kama kamba ya kuanika nguo."

"Nimefungua," nikasema.

Hakuchungulia. Miaka minne tulikuwa tumefanya kazi pamoja, na hakuwa na sababu ya kuchungulia.

Dereva akataka fundi mmoja aende naye, mkubwa akiuliza maswali awepo wa kumjibu. Mimi nilisema nina injini niliyoiacha wazi. Yaya akachukua kofia yake, akapanda. Nilibaki nimeshika tambara, nikiliangalia gari lile jinsi lilivyosimama juu, zuri, hadi likapotea.

Habari ililetwa kesho yake na mtu wa lori. Katika mteremko wa kuingia kwenye daraja moja karibu na Koboko, gari lilipita shimo, breki zikaisha, likapinduka. Dereva alikufa palepale. Fundi yuko hai, amefungwa katika kambi ya jeshi.

"Wanasema Mkongo aliharibu gari kwa makusudi," yule mtu alisema kwa sauti ya chini. "Wanauliza nani alimtuma."

Wakati ule, mtu aliyeulizwa swali hilo hakuwa na jibu la kumwokoa. Nililijua hilo, na bado nilikaa siku mbili. Nilifungua gereji, nikafunga. Nilishika spana, nikaziweka chini.

Siku ya tatu mke wa yaya alikuja. Hakulia. Alisimama mlangoni, kanga yake imelowa mvua.

"Shemeji, wewe mulikuwa pamoja kazini. Alifanya nini kwa ile gari?"

"Hakufanya kitu."

"Basi nani alifanya?"

Nikamwambia. Akasema neno moja tu: "Enda."

Nikaenda Koboko kwa lori la tumbaku. Mabaki ya gari yalikuwa uwanjani, kambini. Ofisa mwenyewe alitoka nje, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu.

"Nani alifunga breki ya nyuma?"

"Ni mimi, afande. Yule mwingine hakuigusa."

"Lala chini. Onyesha."

Nililala matopeni, nikamwonyesha. Hosi ilikuwa imekatika pale pale kwenye braketi. Nikaeleza kwamba bolti ilikuwa na kutu, na kwamba niliogopa kuvunja paipu. Akaagiza spana.

"Fungua sasa."

Nilivuta polepole, nikarudisha, nikavuta tena. Sidhani ilizidi robo saa. Ilifunguka, na paipu ilikuwa nzima. Ofisa akawapa askari ishara kwa kidole wanichukue.

Yaya walimtoa siku iliyofuata. Mimi nilifungwa mle kambini majuma sita. Nilichapwa nyayo hadi nikawa natembea kwa magoti, halafu asubuhi moja nikaambiwa niondoke, bila maelezo. Nilipofika Arua, yaya alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na mkewe. Majirani waliniambia mkono wake wa kulia ulivunjwa, na haukuunga vizuri.

Sikumwona tena hadi mwaka sabini na tisa, vita vilipotufikia na sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa serikali iliyoanguka, tukakimbilia Kongo na Sudani. Nilivuka kuingia Kongo kwa miguu na mke wangu na watoto watatu. Mtu mmoja njiani alituelekeza kwenye nyumba inayopokea watu, na mwenye nyumba alikuwa yeye. Alikuwa anatengeneza baiskeli kwa mkono wa kushoto. Aliwapa watoto wangu maji, akamwambia mkewe apike, akatupa chumba. Siku nne tulikula chakula chake, na siku zote nne hakuniambia neno.

Jioni ya mwisho nilimfuata uani. "Yaya," nikasema, "nisamehe."

Aliendelea kukaza nati ya gurudumu. "Yule dereva alikuwa na bibi," alisema. "Ulienda kwake?"

"Hapana."

"Basi usianzie kwangu."

Tuliondoka alfajiri. Niliporudi Uganda, miaka mingi baadaye, niliulizia Koboko habari za yule mjane. Mtu mmoja alinijibu kwamba alikwenda Sudani na watoto. Mwingine alisema hamkumbuki dereva yeyote wa namna hiyo.