Barua Iliyoondoka na Koti Namba 214

Shati la tano asubuhi hii ni jeupe, la mikono mirefu, na Mama Pasi analianzia kwenye kola. Saa moja haijatimia. Pasi ya mvuke inakoroma, mkono wa kulia unakwenda na kurudi, na midomo yake inacheza bila kutoa sauti. Asiyemjua atadhani anasali.

Hasali. Anajisomea Kiitaliano.

Ukutani mbele yake, pale ambapo mwingine angetundika kalenda, amebandika vikadi vigumu vya manjano vipatavyo arobaini. Ni vilevile vinavyofungwa kwenye nguo za wateja: upande mmoja una namba, upande wa pili mtupu. Huo upande mtupu ndio daftari lake. Akimaliza shati, anahamia kadi inayofuata.

"Daftari lingelowa likaisha wiki moja," anasema bila kuinua kichwa. "Hizi kadi zimeuzoea mvuke kama mimi."

Ana miaka hamsini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akiwa wima mbele ya meza hii, kwenye duka la dobi lenye milango miwili na feni moja. Kwa siku ananyoosha mashati kama sitini, ukiacha suruali na makoti. Jumanne na Alhamisi, ikigonga saa kumi, anavua aproni, ananawa uso na kwenda chuo kikuu kwa miguu, mwendo wa dakika ishirini na tano. Huko anaketi na vijana kumi na wanne ambao angeweza kuwazaa wote. Ni kozi ya Kiitaliano, ngazi ya kati. Ada ya muhula mmoja inameza mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu.

Mwenye duka, mwanamume mpole asiyependa maneno mengi, alipopewa habari hizo mwaka juzi alicheka mpaka akakaa chini.

"Nikamwambia, dada, hata Kiingereza hujakimaliza, Kiitaliano cha nini?" anakumbuka. "Akanijibu kwamba mjukuu wake hayumo kwenye Kiingereza."

Mjukuu mwenyewe ana miaka minane. Alizaliwa Italia, ambako binti pekee wa Mama Pasi alikwenda kufanya kazi ya kutunza wazee, akaolewa, akatulia. Bibi na mjukuu hawajawahi kuonana ana kwa ana. Kila Jumapili mchana simu inapigwa, na binti anakaa katikati kutafsiri.

"Sasa tafsiri yenyewe!" Mama Pasi anaisimamisha pasi kabisa ili alalamike vizuri. "Mtoto anaongea dakika nzima, anarusha mikono, anacheka. Namuuliza mwanangu, anasemaje? Ananiambia, 'Anasema hajambo.' Hajambo gani ya dakika nzima, jamani?"

Ndipo akaamua kwenda kujifunza. Akaamua na jambo la pili, ambalo ndilo lililomponza: hatamwambia binti yake kitu mpaka Kiitaliano chenyewe kinyooke.

Na kunyooka kwa Mama Pasi si neno la kupita. Akiona mkunjo mmoja nyuma ya bega, mahali ambapo hata mvaaji hataona, shati linarudi mezani. Darasani akawa vivyo hivyo. Mhadhiri wake, kijana wa miwani anayemwita "Mama" mbele ya watu wote, anasema kwenye kuandika yumo katika watatu bora.

"Lakini mwambie aongee!" anasema mhadhiri. "Anafungua mdomo, anaipima sentensi, anaiona ina kasoro, anaufunga. Ngazi ya kwanza mtu unaomba maji na kuuliza njia. Ngazi ya kati unatakiwa useme unachokitamani na unachokijutia. Sasa utajuta vipi umenyamaza?"

Siri ikakaa karibu miaka miwili. Kila Jumapili akasalimia kwa Kiswahili na kungoja tafsiri, kana kwamba haelewi kitu. Hadi Jumapili moja, miezi mitatu iliyopita.

Binti alimwita mtoto aje kwenye simu. Mtoto akajibu kutoka chumba cha pili, na Mama Pasi alisikia kila neno na kuelewa kila neno.

"Alisema, 'Sitaki, yule bibi hana la kuniambia, ananitazama tu,'" anasimulia polepole. "Mama yake akanigeukia, akaniambia yuko bafuni anaoga. Nikasema haya, mwache aoge."

Analainisha kola kwa vidole.

"Iliniuma. Sikufichi, iliniuma sana. Miguu yangu yote hii nimeichosha kufuata lugha ya watu, halafu kitu cha kwanza ilichoniletea ni hicho."

Wiki hiyohiyo mhadhiri akatoa zoezi: andika barua kwa mtu unayemkumbuka. Mama Pasi aliiandika palepale kazini, kati ya shati na shati, ikajaa kadi nne. Aliianza kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kiume: Mume wangu. Kisha akaendelea. Nakukumbuka kila siku. Kitanda chako nimeshakitandika, shuka nimezinyoosha kwa mkono wangu mwenyewe. Usimsikilize mtu, wewe njoo.

Akazibana kadi kwa pini na kuzitundika kwenye henga iliyokuwa karibu, zikauke wino. Henga hiyo ilikuwa na koti la kijivu, namba 214. Saa tisa mwenye koti akaja, akalipa, akaondoka na mali yake pamoja na isiyo yake.

Asubuhi iliyofuata, mlango mmoja tu ukiwa umefunguliwa, mwanamke aliingia dukani na kadi nne mkono mmoja na simu mkono wa pili. Alikuwa mke wa mwenye koti. Alizikuta kadi zikining'inia kifuani pa koti la mumewe, akazipiga picha, simu ikamtafsiria.

"Mimi ni karani wa mahakama," anakiri leo, akificha uso kwa kiganja. "Ushahidi naujua nikiuona. Mume wangu, kitanda nimetandika, usimsikilize mtu. Huyo mtu asiyetakiwa kusikilizwa si ndiye mimi? Niliuliza swali moja tu: nani humu ndani anajua Kiitaliano?"

Mwenye duka alinyoosha kidole bila kusita.

"Akageuka, akaniona," Mama Pasi anadakia. "Akaiona aproni, akaziona mvi, akaiona na hii miguu iliyovimba. Hasira ikamshuka, akabaki amechanganyikiwa tu. Nikamwambia, mwanangu, huyo mume ana miaka minane."

Walicheka mpaka mwenye duka akaleta kiti. Karani akaomba asomewe barua yote kwa Kiswahili, na ilipofika mwisho kicheko kilikuwa kimemwisha. Akauliza kama imeshatumwa kwa mwenyewe. Mama Pasi akasema bado, ina makosa, anataka kwanza mhadhiri aipitie.

Jibu alilopewa analijua kwa moyo.

"Aliniambia, 'Makosa gani, mama? Mimi sijui hata neno moja la Kiitaliano, nimeisoma kwa simu, na nimeielewa mpaka jana nimemfungashia mume wangu nguo. Huyo mtoto mwenye lugha yake ndiye ashindwe?'"

Siku hiyo, kwa hesabu ya mwenye duka, yalinyooshwa mashati arobaini na mawili tu.

Jumapili simu ilipoita, Mama Pasi hakungoja salamu. Akamwomba binti yake ampe mtoto. Binti akasema mtoto anacheza. Basi Mama Pasi akavuta pumzi, akapaza sauti kwa Kiitaliano, na makosa yake yote: "Mume wangu! Njoo hapa, nina maneno na wewe!"

Upande wa pili zikasikika nyayo za mtoto anayekimbia.

Aliisoma barua yote, kadi baada ya kadi. Mtoto akamsahihisha mara mbili na kumcheka mara tatu, alihesabu. Akauliza kwa nini anaitwa mume na yeye hajaoa, na bibi akajitosa kumweleza utani wa bibi na mjukuu, maelezo yaliyozunguka sana lakini yakafika. Mtoto akataka kujua urefu wa kitanda, maana yeye siku hizi amekua.

Sasa tiketi zimeshakatwa. Likizo ndefu ya shule ikianza, miezi miwili kutoka leo, binti na mwanawe watakuja kwa wiki tatu. Seremala wa mtaa wa pili amepewa vipimo na anaongeza kitanda urefu wa kiganja. Kabla ya hapo, wiki ijayo, kuna mtihani wa kuongea, na Mama Pasi anasema atakwenda na makosa yake kifua mbele. Akifaulu anajiandikisha ngazi ya juu.

"Nikifeli narudia," anasema. "Nitakuwa nimepata mwalimu wa bure nyumbani."

Je, wageni wakifika, binti ataendelea kutafsiri? Mama Pasi anatundika shati la tano, analikagua mbele, analikagua nyuma.

"Atafsiri nini tena? Jumapili ile nilipokuwa nasoma alikuwa amesimama pembeni analia. Nilipomaliza akanyoosha mkono achukue simu, mazoea tu. Mtoto akamsukuma. Nilimsikia vizuri, na safari hii hakuna aliyeniambia anaoga." Anacheka, anajifuta macho kwa pindo la aproni. "Alisema, 'Mama, tupishe. Naongea na mke wangu.'"