Haraka ya Dereva wa Mikate

Gereji nzima walimwita shemeji, kwa kuwa alikuwa mke wa mwenzao. Mumewe walimwita Kasi, na jina lilimkaa barabara. Kazi yake ilikuwa kuosha injini. Gari likiingia limejaa grisi na oili iliyogandamana na vumbi hadi chuma chenyewe hukioni, Kasi aliimwagia injini petroli, akasugua kwa brashi huku akipiga mluzi, na kabla mwenye gari hajamaliza chai yake boneti ilikuwa imeshafungwa. Watu walimsifu. Naye sifa alizipenda, tuseme ukweli. Zilimlewesha kuliko pombe.

Siku moja petroli ikamgeuka. Gari dogo la kusambaza mikate lilikuwa limeingia punde tu, injini bado ya moto, waya za betri hazijafunguliwa. Brashi yake ilikuwa na mpini wa chuma. Uligusa pale usipopaswa kugusa, cheche ikaruka, moto ukamvaa mikono, shingo na upande mmoja wa uso. Mafundi walimzima kwa mchanga na magunia. Gari la mikate liliungua likabaki mifupa mitupu.

Alipoweza kusema, pale wodini, jambo la kwanza la maana alilomwambia mkewe lilikuwa hili: "Yule dereva alinikimbiza. Nilimwambia tusubiri ipoe, akasema mikate yake inachelewa."

Nani asingeamini? Dereva wa mikate na haraka ni ndugu wa tumbo moja. Mke aliamini, akaliweka neno hilo moyoni, likakaa huko likichacha. Kwa hiyo dereva alipokuja hospitali na mfuko wa machungwa, alimkuta mlangoni, amesimama kama boma.

"Toka! Umekuja kuangalia kazi ya mikono yako?"

Wagonjwa wakainua vichwa. Dereva alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sura. Akauweka mfuko chini, akaenda zake. Baadaye mke alisikia kwamba mwenye kiwanda cha mikate amemwachisha kazi. Hakumwonea huruma hata chembe. Alisema ni haki yake, na tena ni ndogo.

Kasi akarudi nyumbani. Ngozi ya shingo ilikuwa imevutika, vidole vya mkono wa kulia vimeshikana, havikunjuki. Alichagua chumba cha nyuma, akashusha pazia, ikawa ndiyo dunia yake. Wageni wakija kumjulia hali alijifanya amelala. Kioo cha ukutani alikigeuza kikatazamana na ukuta. Mkewe alimpelekea chakula, akamlisha mwanzoni, kisha akamwachia kijiko alipoanza kukasirika kulishwa. Na nyumba haiendeshwi kwa huzuni. Asubuhi moja mke alijifunga kitambaa kichwani, akaenda gereji kuomba kazi ya mumewe.

Mwenye gereji alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Shemeji, kazi hii ndiyo imekuachia mgonjwa ndani. Nawe unaitaka?"

"Naitaka. Ila sitaifanya alivyoifanya yeye."

Aliyemfundisha ni fundi wa umeme, mtu wa makamo, mkavu kama ukuni, waliyemwita Fundi Waya. Alimsimamisha mbele ya gari lililofunguliwa boneti, akamkataza kugusa kitu.

"Weka kiganja chako hapo juu, karibu tu. Unahisi nini?"

"Joto."

"Basi kaa chini. Kazi haijaanza."

Ndivyo alivyojifunza. Kwanza injini ipoe kabisa, mpaka uweze kuilazia mkono kama unavyomlazia mtoto. Kisha waya wa hasi wa betri utolewe, ufuatiwe na wa chanya. Altaneta inayochaji betri, sanduku la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa vivalishwe mifuko ya plastiki na kufungwa vizuri. Grisi nene ikwanguliwe kwa kijiti cha mbao. Petroli isikaribie kabisa. Kuna sabuni ya kuyeyushia oili, unaipaka, unaiacha ifanye kazi, lakini huiachi ikauke. Unasugua kwa brashi ya nailoni, unasuuza kwa maji kidogo yasiyo na nguvu, unafuta, unapuliza. Maji machafu yanakingwa kwenye beseni pana chini ya gari, yasiende mtaroni. Matambara yenye oili yanaingia kwenye debe la bati lenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Glavu hazivuliwi mpaka mwisho.

"Mumeo angekuwa ameshamaliza magari matatu," Fundi Waya alisema siku ya kwanza, akamwona anavyobadilika uso, akatazama pembeni. "Nisamehe, shemeji. Mdomo wangu nao hauna fyuzi."

Wateja walinung'unika kusubiri, kisha wakazoea. Mmoja aliitazama injini yake ikimeta, akauliza kwa mzaha kama hawajamwibia ile yake wakamwekea nyingine. Shemeji alicheka. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa kimepotea muda mrefu.

Nyumbani hapakuwa na cha kuchekwa. Alioga gereji, akabadili nguo, akajisugua kucha kwa limau, lakini harufu ya oili ina ukaidi wake. Kasi aliisikia mlango ukifunguliwa tu.

"Umekwenda kufua aibu yangu mbele za watu," alimwambia kutoka nyuma ya pazia.

"Nimekwenda kutafuta chakula, baba."

"Wenzangu wanakutazama wakinicheka."

"Wenzako wanakuulizia. Toka uwaone."

Hakutoka. Akageukia ukutani, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia siku nyingi kabla na baada ya hiyo.

Mvua zilipokwisha, liliingia gereji gari kuukuu la kijani, oili inachuruzika kila upande. Aliyeshuka alikuwa yule dereva wa mikate. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, na shati lilimning'inia. Alipomwona mwanamke aliyevaa ovaroli na glavu alisita, mkono ukiwa bado kwenye mlango wa gari.

"Dada, sikujua kama ni wewe unayeosha," alisema. "Gari ni la jamaa yangu, nimeazimwa nitafutie riziki. Kama hutaki, naondoka."

Shemeji alitaka kusema ondoka. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mwenye gereji alikuwa anatazama, na kazi ni kazi. "Fungua boneti," alisema. "Itabidi usubiri ipoe."

Yule mtu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nitasubiri. Hata siku ile nilitaka kusubiri."

"Siku gani?"

"Unaijua, dada."

Alisimama mbali naye, mikono mfukoni, akaongea akiitazama injini. "Siku ile mikate nilikuwa nimeshaisambaza yote. Gari lilikuwa tupu. Nilimwambia mumeo, ndugu yangu, acha ipoe, mimi nakwenda kunywa chai. Akanicheka. Akasema, 'Wewe nenda kanywe, ukirudi utakuta nimeshamaliza, mimi naitwa Kasi.' Nilikuwa sijapata hata kikombe nikasikia kelele." Akaendelea. "Kiwandani waliambiwa mimi ndiye niliyemharakisha. Sikuja kudai kitu. Nilitaka tu nawe ulisikie kwangu, hata mara moja."

Shemeji alizamisha kichwa chini ya boneti ingawa injini ilikuwa bado ya moto na hapakuwa na la kufanya pale. Joto lilimpiga usoni. Ilipopoa akafanya kazi yote kwa utaratibu wake, hakuruka hatua, na alipomaliza dereva akamshukuru, akaondoka taratibu kama mtu anayetoka msibani.

Shemeji akamfuata Fundi Waya, aliyekuwa amechutama kando ya gari jingine akichubua waya.

"Wewe ulikuwepo siku ile?"

Fundi Waya aliendelea kuchubua. "Nilikuwepo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tulijua wote, shemeji."

"Mkaniacha nimfukuze mtu wa watu hospitali? Mkaacha apoteze kazi yake?"

"Mtu ameshaungua, ungetaka tumwongezee nini?" Sasa aliinua macho, na hayakuwa na ukavu wake wa kawaida. "Tulisema atapona, atasema mwenyewe. Siku zikapita. Jambo likishapita siku nyingi hujui utalianzia wapi."

Jioni mke alimkuta Kasi ameketi kitandani, pazia limeachwa wazi kidogo. Alimwekea chakula, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, makali, ya kumchoma. Sasa alimtazama shingo ile, na sikio lililosinyaa, akaona pa kuchoma hapajabaki.

"Leo amekuja yule dereva wa mikate," alisema.

Kijiko kilisimama. "Amesemaje?"

"Amekuja kuoshewa injini. Anakusalimu."

Kasi alitazama sahani yake, kisha mlango, kisha sahani tena. "Alikuwa na haraka sana yule mtu," alisema hatimaye, sauti ndogo, kama anayejaribu daraja kwa mguu.

Mke alijua anaombwa nini.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa na haraka."

Akampa hilo, maana hakuwa na kingine cha kumpa. Lakini tangu jioni hiyo hawakuweza kutazamana vizuri. Kasi alijua kwamba mkewe anajua. Ilionekana katika jinsi alivyoacha kulalamika, akawa anashukuru kwa kila kitu, hata maji ya kunywa, kama mgeni. Shukrani hizo zilimuumiza mke kuliko matusi. Kwa upande wake, alikwenda kiwandani, akamweleza mwenye kiwanda kuwa dereva wake hakuwa na kosa. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu, akasema amekwishaajiri mwingine.

Baada ya muda Kasi aliomba apelekwe kwa kaka yake, kwenye nyumba iliyo mbali na mji, akapumzike. Hakuna aliyesema ni kwa siku ngapi. Mke alimfungia nguo, akambebea godoro. Kasi hakurudi tena.

Mkewe bado anaosha injini pale gereji. Mwisho wa mwezi hupanda gari akaenda kumwona. Humkata kucha, kwa sababu vidole vile haviwezi kushika wembe, na anapomaliza mkono mmoja Kasi humpa wa pili bila kuambiwa. Huzungumza habari za mvua, za mahindi ya kaka, za nani ameoa. Kisha hukaa wote wawili barazani, mpaka unapofika wakati wa gari la kurudi.