Bibi yangu alimpima Mungu kwa unga wa mtama, akajibiwa na kuku

Wakuu, marahaba. Najua wengi humu ni wajukuu zangu, ndiyo maana nimeitikia kabla hamjaniamkia.

Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia darasa la pili, mtanivumilia. Lakini nisemayo hayana chumvi. Chumvi hata hospitali wamenikataza.

Kilichonileta ni mjukuu wangu Zawadi, yuko Tandahimba kwenye korosho. Juzi kanipigia simu, anasema, "Bibi, siku hizi nikisali naona naongea na dari."

Nikakumbuka kisa cha bibi yangu mzaa mama, Agnesi. Alinisimulia mwenyewe tukibangua korosho, mikono imetuungua na mafuta yake.

Ni enzi za Mdachi, Vita vya Maji Maji. Agnesi alikuwa mke kijana hapa upande wa Chidya, kabatizwa, na mumewe Danieli kabatizwa.

Wapiganaji waliposogea Masasi, padri Mzungu akakimbilia pwani. Danieli akachukuliwa kumbebea mizigo hadi Lindi.

Agnesi akabaki na mama mkwe wake, Nambunga. Huyu alikuwa wa mizimu, kanisa analiona kwa nje tu.

Basi Danieli harudi. Miezi inapita, habari hakuna.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Imani ya Agnesi haikupasuka kama chungu kilichoanguka. Ilivuja. Kwanza aliacha sala ya asubuhi, shamba linangoja. Halafu ya chakula, na chakula chenyewe kidogo. Jumapili wakawa wanakwenda kanisani wanne, wakaja watatu, mwisho akabaki yeye na mzee Yohana, naye Yohana alifuata kivuli.

Kwetu kuna desturi, vijana huenda hamuijui. Ukitaka kuuliza jambo kwa mizimu, unakwenda kwenye mti wa msolo, unamimina unga taratibu hadi usimame kama kichuguu, unaufunika kwa chungu. Asubuhi ukiukuta umesimama, wamekubali. Ukiwa umeporomoka, rudi nyumbani ukalie.

Nambunga akamwambia, "Mkwe, twende tukamuulizie Danieli."

Agnesi akakataa, yeye Mkristo. Lakini moyo ukabaki na lile wazo. Akafanya jambo ambalo sijasikia mwingine kalifanya. Akachukua unga wa mtama, wa mwisho mwisho ule, akaenda kuumimina kanisani chini ya msalaba. Akaufunika. Akasema, "Mungu, kama upo na Danieli yu hai, usimamishe."

Asubuhi karudi. Chungu kimelala ubavu, unga hakuna. Yuko kuku wa mzee Yohana, akiitwa Nachihi, anajipangusa mdomo kwenye mkeka wa padri.

Agnesi akarudi nyumbani analia. "Mama, Danieli kafa. Na Mungu hayupo."

Nambunga akataka kisa chote, akaelezwa. Bibi aliniambia yule mama alicheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu, mizimu hunijibu kwa unga kwa sababu ndivyo tulivyopatana nao tangu wazee. Huyo wako mlipatana nini?"

"Tulipatana nisali tu."

"Alisema atakujibu asubuhi?"

"Hapana."

"Basi sali. Na unga wangu uuache, hii njaa."

Tangu hapo kila jioni Nambunga akipakua, kabla ya kumpa sahani humuuliza, "Umeongea na mtu wako leo?" Kama bado, hali. Agnesi akawa anasali kwa njaa kwanza, imani ikaja nyuma inachechemea.

Mvua za mwaka uliofuata, Danieli akatokea. Mbavu zinahesabika. Akawakuta mkewe kapiga magoti, mama yake kakaa pembeni na upawa.

Danieli akasema, "Acheni hayo. Mimi nimemuona padri mwenyewe anavyokimbia. Sisali tena."

Mama yake hata hakuinuka kumpokea. "Kaa chini. Mwenzio anamalizia kukuombea."

Akakaa. Na kwa kuwa sahani ilikuwa haitoki bila lile swali, akaulizwa na yeye. Danieli huyohuyo alikufa akiwa mzee wa kanisa.

Nilimuuliza bibi, "Na asingerudi je?"

Akasema, "Nambunga angeniuliza vilevile. Jioni ingefika tu."

Funzo langu ni dogo, wakuu. Mashaka yakikuingia usikimbilie kumtega Mungu, utamtega kuku. Tafuta mtu wa kukuuliza jioni, hata kama yeye mwenyewe hasali. Kwa hiyo msiosali humu nanyi karibuni, msidhani uzi hauwahusu.

Niambieni, ninyi nani anawauliza?

Mimi jana jua lilipozama nimempigia Zawadi. Nikamwambia, "Umeongea na mtu wako leo?"

Akasema, "Bado, bibi, ndiyo nataka kula."

Nikamwambia weka kijiko chini, nakusubiri kwenye simu.