Rubani Niliyemuua kwa Mdomo

Kwenye banda la video la Nyamirambo, mwenye kipaza sauti nilikuwa mimi. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mke wangu, aliyesomea Kampala, alikaa pembeni akininong'oneza, nami nikawatafsiria watu. Sifa zote zilikuwa zangu.

Mwaka 1991 tukapata filamu ya kanda mbili. Mwanamke rubani wa chombo cha angani amebaki peke yake kwenye sayari ya mavumbi, akipambana na mashine zilizowaua wenzake. Mimi nikamzulia mume kwenye redio, awe anamwelekeza kila anachofanya. Wanaume waliridhika. Mke wangu akasema kwa sauti, banda zima likasikia: "Hakuna bwana hapo. Kapiteni iko yeye."

Wauza vitenge waliokaa mbele wakataka apewe kipaza sauti. Nikampa huku nacheka, nikijua atababaika.

Hakubabaika. Rubani akaongea kama mtu anayeijua kazi yake. Kila alipobomoa mashine, wanawake walisimama na vigelegele, na hata vijana wa nyuma waliozoea kuzomea wakanyamaza. Kanda ya kwanza ilipoisha hakuna aliyenitazama. Niliona wivu, sifichi. Miaka mitatu nimepayuka pale, sijapigiwa kigelegele hata kimoja.

Nikachukua kipaza sauti, nikatangaza kwamba kanda ya pili imeharibika, ila mimi nilishaiona: rubani anakufa. Watu wakatoka wakisikitika.

Kesho yake asubuhi wale wauza vitenge walikuja nyumbani kwetu na sukari na unga wa uji. Nilidhani jirani kafiwa, wamekosea mlango. Kumbe wamekuja kumpa mke wangu pole. Mmoja alimshika mkono, machozi yanamtoka.

"Pole, mama," akasema. "Alikuwa anapigana muzuri sana."

Mke wangu aliingia chumbani, akavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, akarudi na kanda ya pili mkononi.

"Hakukufa," akawaambia. "Bwana yangu alimufungia mu sanduku."

Jumamosi iliyofuata banda lilijaa, wengine wakachungulia dirishani. Mke wangu alishika kipaza sauti tangu mwanzo. Mimi nilikaa pembeni yake, mahali pake pa zamani, na sikuwa na hata neno moja la kumnong'oneza.